Msiba Uliokosa Mtani

Mume wangu alizikwa bila mtani, na kwa watu wa kwao Bukene huo ni upungufu. Si dhambi, wala hakuna atakayekushitaki, lakini wazee watatoka makaburini wakitazamana kama watu waliokula wali usio na chumvi. Mtani ndiye anayeruka ndani ya kaburi kabla ya maiti na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Ndiye anayevaa kofia ya marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, mpaka mjane acheke huku machozi yakimtoka. Sisi tulizika kimya, kwa utaratibu mzuri, na utaratibu wote niliupanga mimi.

Nilikuwa na uzoefu. Miaka yangu yote ya kazi, tangu nikiwa karani msichana mpaka nilipostaafu na miwani mbili, moja ya kuona mbali na moja ya kusomea, nilihudumia askari wastaafu wa mkoa wetu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha serikali, benchi nje, feni iliyozunguka siku inayojisikia. Wazee waliopigana vita vya Uganda walikuja na magoti yao mabovu na masikio yanayosikia upande mmoja. Wengine walitoka Urambo na Ulyankulu, wakafika wamejaa vumbi, kisha wakanipigia saluti mimi ambaye sijawahi kushika hata manati. Mzee akiugua nilimfuatilia hospitali ya Kitete. Akifa nilikwenda kwake, nikatafuta gari, nikatafuta bendera, nikakaa na mjane mkekani.

Mwanzoni nililia nao. Mkuu wangu wa kwanza, mama mnene wa Kinyamwezi asiyependa maneno mengi, alinivuta pembeni kwenye msiba mmoja akaniuliza, "Ukilia wewe, nani atatafuta gari?" Nikaacha kulia. Nilijifunza kumtazama mfiwa kwenye nyusi badala ya macho. Ukitazama nyusi, mwenzako anaona unamtazama, na wewe huoni kitu cha kukuumiza. Ni hila ndogo, na ilinifaa mpaka nikasahau kwamba ni hila.

Mume wangu naye alikuwa askari, lakini kwangu sikumhesabu humo. Alikwenda vitani kijana, ndevu hazijakaa sawa, akarudi, akapata kazi reli, akanioa. Tangu nimjue alikuwa mtu wa reli na mtu wa ngoma. Vita hakuvisema na mimi sikumuuliza. Kusema kweli nilishukuru. Nilikuwa nashinda na vita vya watu mchana kutwa, nikirudi nyumbani nilitaka kugombana juu ya chumvi kama wanawake wenzangu.

Alipostaafu reli alihamia, karibu niseme alihamia na godoro, kwenye kituo cha sanaa kilichoko kwenye ghala la zamani karibu na stesheni. Kituo hicho kilianzishwa na walimu wachache na wapiga ngoma wa mjini, na hakikuwa cha biashara. Kiingilio kilikuwa chochote ulichonacho, na asiyekuwa na kitu aliingia vilevile, tena akakaa mbele. Pazia la jukwaa lilishonwa kwa magunia ya karanga, na siku za joto ukumbi mzima ulinuka karanga. Walifundisha ngoma, kwaya na maigizo. Mimi waliniingiza kwenye bodi kwa sababu najua kuongea na maofisa, nikawa nakwenda siku za vikao tu, nachukua soda yangu, nauliza maswali magumu, naondoka. Mume wangu alikuwa huko kila siku. Yeye ndiye aliyewamba ngoma zao zote.

Wazo la wazee lilikuwa langu. Nilipendekeza kwenye bodi kwamba askari wastaafu waje kituoni kila Jumatano, wakae na waigizaji, wasimulie, na waigizaji watengeneze igizo. Lilifanikiwa. Wazee waliokuwa wanakuja ofisini kwangu kulalamikia magoti walianza kuja wamevaa shati la kupiga pasi. Nilijisifu, na nilisifiwa. Kwamba mume wangu naye alikuwa anakaa kwenye duara lile la Jumatano, nilijua. Nilidhani anakaa kwa ajili ya kupiga ngoma.

Mwalimu wa maigizo pale kituoni ndiye mtani ninayemsema. Ni mwanamke wa Kizaramo kutoka Kisarawe, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Utani wetu na Wazaramo ni wa njia. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, wakafika wamechoka, wakapita kwa babu zake. Hapo ndipo walipoanza kutukanana na kuzikana. Yeye alimwita mume wangu mpagazi. Mume wangu alimwita mwizi wa maji, kwa sababu, alidai, Wazaramo waliwauzia wapagazi maji ya visima ambavyo wapagazi wenyewe walivichimba. Walitukanana hivyo mchana kutwa, halafu jioni wakarudi pamoja kwa miguu, maana yule mwanamke alipanga chumba mtaa wetu, nyumba mbili baada ya yangu.

Mume wangu alifariki asubuhi, uani, akiwamba ngozi. Nilimkuta ameegemea ukuta, kamba iko mkononi. Nilimgusa shingo nikajua. Niliingia ndani nikaepua maharage yasiungue, kisha nikaanza kupiga simu. Kufikia adhuhuri kila kitu kilikuwa tayari: sanda, jeneza la msikiti, turubai, viti, maji, na askari wenzake wawili waliovaa kofia zao. Shehe aliniambia hajaona msiba uliopangika namna ile. Jirani mmoja alinishika mkono analia kwa kwikwi, nikamuuliza amekuja na nani na kama ana usafiri wa kumrudisha. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Mtani siku hiyo alikuwa Kisarawe anamuuguza mama yake. Tulimpigia simu haikupatikana, na mwili wa Mwislamu haungoji mtu.

Nikaingia eda. Asiyejua, eda ni mjane kukaa ndani miezi minne na siku kumi, bila mapambo, bila kutoka ila kwa dharura. Wengine huwa wanalalamika kuwa ni ndefu. Mimi sikuona urefu wala ufupi. Niliamka, nikaswali, nikala nilicholetewa, nikakaa kwenye mkeka nikipokea watu, na kila mtu niliyempokea nilimtazama kwenye nyusi. Majirani walinihurumia. Walisema kinyozi hajinyoi, na yule aliyewazika waume za wenzake hana wa kumzikia wa kwake. Niliwasikia wakiwa jikoni nikaona wamesema vizuri, basi, kama mtu anayesikia taarifa ya mvua ya mkoa mwingine.

Binti yangu, ambaye ndiye mtoto wetu pekee, alihamia kwangu kutoka mtaa wa Kitete anakoishi na mumewe. Yeye alilia kwa ajili ya wawili. Alilala amejifunika koti la baba yake, lile la kaki lenye viraka viwikoni, ambalo nguo nyingine zilipogawiwa alilificha chini ya mto. Siku moja tulikuwa tunamenya karanga za kupikia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akaacha kumenya.

"Mama, nitakuuliza kitu na usinikasirikie," akasema. "Ulimpenda baba?"

Nikamwambia hilo ni swali gani. Akasema ndilo swali lake, na kwamba tangu siku ile hajaniona nikitoa hata chozi, na mwezi ule ule wa msiba alinisikia naelekeza mtu kwa simu jinsi ya kufuatilia mafao ya marehemu mumewe, sauti ile ile. Alisema anataka kujua kabla hajarudi kwake, kwa sababu ni nyumba hii alimolelewa na anataka kujua ilikuwa nyumba gani.

Nilijitafuta ndani nione kama kuna cha kumpa. Palikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua mguu upo, lakini ukiugusa ni wa mtu mwingine. Ningeweza kumdanganya. Nina maneno mengi mazuri ya msiba, niliyatumia miaka yote. Nilishindwa kuyatumia kwa mtoto wangu, nikamwambia tumalize karanga. Akamaliza karanga, hakunitazama tena jioni ile. Tangu hapo nikaanza kuogopa, na hiyo hofu ndiyo kitu pekee nilichokisikia miezi ile yote. Niliogopa eda iishe niko vile vile, na binti yangu arudi kwa mumewe na jibu alilojipa mwenyewe.

Mtani alirudi na treni eda ikiwa inakaribia mwisho. Mama yake naye alikuwa amefariki, wamemzika. Alikuja moja kwa moja kutoka stesheni na begi lake. Hakusema pole. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nasikia mmemzika mpagazi wangu bila kuniuliza," akasema. "Mzigo wangu ameuacha wapi?"

Binti yangu alishtuka, maana vijana wa siku hizi utani wanaujua wa mpira tu. Mimi nilijibu inavyotakiwa, kwamba mzigo aliula njiani. Nilijibu kama mtu anayetaja namba ya simu. Mtani akanitazama, na yeye hakutazama nyusi. Akakaa, akanywa maji, akasema msiba huu haujaisha kwa sababu haukuanzishwa vizuri, na siku ya kutoka eda atakuja kudai haki yake. Alihitaji kitu kimoja, koti la marehemu.

Binti yangu alikataa. Alisema koti bado lina harufu yake, na likivaliwa na mtu mwingine harufu itaondoka. Nilielewa hoja yake na sikuona uchungu wake. Nikamwambia ampe mtani, ni haki yake.

"Kwako wewe kutoa ni rahisi," akaniambia mbele ya mgeni. Akaenda kulileta, amelikunja vizuri, akalikabidhi bila kumtazama yeyote kati yetu.

Siku ya kutoka eda uani kulijaa wanawake. Palipikwa pilau, ikasomwa dua, nikaogeshwa, nikavishwa gauni jipya na kanga mpya, nikakalishwa mkekani kama bibi harusi mzee. Bibi mmoja jirani, anayetufundisha Kurani, alikuwa ameshasikia mtani anakuja na akatangaza kwamba yeye kwenye mambo hayo hayumo, atageuka upande. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Maana aliingia mume wangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Yule mwanamke alikuwa amevaa koti na kofia, amekunja suruali kama yeye, na goti la kushoto linabaki nyuma kidogo kama lake. Alipuliza chai iliyopoa. Aligombana na kuku wangu mweusi ambaye mume wangu alimwita karani mkuu. Alisinzia kwenye kikao cha bodi, akaamka, akasema "naunga mkono hoja" kabla hoja haijatolewa. Wanawake walishika mbavu. Binti yangu alicheka analia, amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Na mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha, lakini kicheko kilitokea kooni tu, hakikutoka chini. Niliona binti yangu ananitazama, naye aliona hivyo hivyo.

Kisha mtani akatoka nje ya geti, akaliacha wazi ili tuone barabarani. Alitembea mpaka kama nyumba mbili, akageuka, akaanza kurudi taratibu. Wanawake waliendelea kucheka, wakidhani ni kichekesho kingine. Alipofika getini hakuingia. Aliweka mkono wa kushoto ukutani, akaunyoosha wa kulia mbele yake, na ule mkono ulikuwa unatetemeka. Haukutetemeka kwa kuigiza kama kwenye jukwaa, ovyo ovyo. Ulitetemeka vidole viwili tu, cha mwisho na cha kabla yake. Aliutazama. Alisubiri. Kicheko kilikatika kidogo kidogo uani.

"Mtani, tangulia nyumbani," akasema kwa sauti ya mume wangu, akimwambia mtu asiyeonekana pembeni yake, na huyo mtu ni mtani mwenyewe. "Leo nimewasimulia mengi, mkono umekataa kutulia. Mke wangu ameshinda na askari wa mkoa mzima. Nikiingia hivi nitakuwa nimepanga foleni."

Akautia mkono mfukoni. Akajifuta uso kwa kiganja cha pili kuanzia kipajini mpaka kidevuni, na uso uliotokea chini ya kile kiganja ulikuwa ule niliouona mimi jioni zote za Jumatano, wa mtu mchangamfu mwenye njaa. Akasema "mke wangu, umeshindaje?" polepole, akajaribu tena kwa furaha zaidi, akaridhika. Ndipo akapiga hodi.

Ule mkono mfukoni niliujua. Nilidhani ni maringo ya mtu wa reli. Nilishawahi hata kumtania kwamba anashika fedha zake zisikimbie.

Aliingia mpaka mbele ya mkeka wangu. "Mke wangu, umeshindaje?" akaniuliza. Desturi inataka mfiwa ajibu, na wanawake wote wakanigeukia. Jibu langu la kila siku lilikuwa kwamba nimeshinda salama, wazee wake hawajambo, na ugali uko mezani. Lilikuwa mdomoni tayari.

"Kaa," nikasema badala yake. "Toa mkono mfukoni, uniambie umepatwa na nini."

Ni maneno niliyomwanzia kila mzee aliyeingia ofisini kwangu. Kaa, mzee wangu, uniambie. Niliwaambia watu ambao sikujua hata baba zao ni nani, na walikaa, na waliniambia.

Mtani hakukaa. Alisimama na mkono mfukoni, na nikaona macho yake chini ya kofia yanatafuta. Hasira ikanipanda. Nilimkasirikia mume wangu sijapata kumkasirikia hivyo akiwa hai. Kwamba alisimama kwenye geti langu, kwenye ukuta wangu nilioupiga lipu kwa jasho langu, akajipanga uso asinichoshe. Kwamba alimwona Mzaramo anafaa na mimi sifai. Alinionea huruma, mjinga yule, nani alimwomba anionee huruma?

"Kaa uniambie," nikasema tena, na sauti ilinitoka kubwa, haikuwa ya ofisini. "Nakuuliza wewe. Mkono una nini?"

Mtani akavua kofia taratibu, akaishika kifuani. "Mtani," akaniambia kwa sauti yake mwenyewe, "mimi naiga nilichokiona. Hili sikuwahi kuliona."

Nilimvuta koti. Sijui nilitaka kumfanya nini, nadhani kumpiga. Nilishika kiraka cha kiwiko nikavuta mpaka akapiga magoti mkekani, na nilikuwa namtukana marehemu mbele ya mwalimu wa Kurani, namwita mshenzi, namuuliza ni lini nilimwambia kuna foleni, na machozi yalikuwa yananitoka mpaka mdomoni na sikuwa na mtu wa kunitafutia gari. Binti yangu alikuja kupiga magoti upande wa pili. Nilidhani anakuja kuokoa koti. Alishika mkono wangu na kile kiraka pamoja, akawa anamuuliza baba yake swali lile lile ninalomuuliza mimi.